Wembe Upi wa Kunyolea?

Nyembe za kukunja ni za namna mbili. Ule wa chuma cha kaboni hunoleka upesi na makali yake ni mazuri sana, lakini ukiachwa na maji hushika kutu, tena ukingoni panapogusa ngozi. Ukaushe, uupake mafuta kidogo. Usioshika kutu una kromiamu, asilimia 10.5 au zaidi, nao huvumilia unyevu wa kambi za mashamba. Kuunoa ndiyo kazi. Mimi ningechukua huo. Ila kung'aa si usafi: virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7. Kambini tusiazimane wembe, hata na ndugu.