Darsa ya Moja kwa Moja Isipotee: Kurekodi kwa Idhini na kwa Amana

 

Mama mmoja wa Msambweni, akiwa katika eda, alitupigia simu baada ya sala ya Alasiri. Mumewe amefariki na kuacha watoto, na jamaa wa marehemu wameanza kuizungumzia nyumba. Alikumbuka kwamba katika Ramadhani ya mwaka 2020, misikiti ilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, maalim wetu mmoja aliwasomesha akina mama haki za mjane kwa njia ya intaneti, moja kwa moja. Maalim naye ametangulia mbele ya haki. Mama akauliza, "Sheikh, ile darsa nitaipata wapi, niwasikilizishe shemeji zangu?"

Suala la mirathi tulimjibu papo hapo. Baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia, mke ana thumuni ya urithi ikiwa mume ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Na katika miezi minne na siku kumi za eda hapasi mtu kumtoa nyumbani mwake. Lakini sauti ya maalim hatukuweza kumpa. Kijana aliyekuwa akiusimamia ukurasa ule alisafiri kutafuta riziki, neno la siri likapotea, na ukurasa hatimaye ukafutwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameirekodi darsa ile. Sote tulidhani kilichoingia mtandaoni hakitoki.

Dhana hiyo si ya kweli. Mwezi wa Februari 2025, Facebook ilitangaza kwamba matangazo mapya ya moja kwa moja yatabaki kwenye kurasa zake kwa siku 30 tu, kisha yataondolewa. Na yale ya zamani nayo yataondolewa baada ya wenyewe kupewa taarifa na muda wa kuyahifadhi. Kwa hiyo, msikiti unaorusha darsa huko bila ya kuweka nakala yake hauna hazina, una mgeni wa mwezi mmoja.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kompyuta. Kule Lamu, hati za Msikiti wa Riyadha zilinakiliwa kwa mkono na kutunzwa kizazi baada ya kizazi, na katika zama zetu zimepigwa picha za kidijitali. Ikaja kanda ya kaseti. Mawaidha ya marehemu Sheikh Nassor Bachu wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, yalisikilizwa majumbani kwa kanda ambazo watu waliazimana na kurudufu. Kilichosalia kimesalia kwa sababu kuna aliyekitia mkononi.

Na tuna mfano ulio bora kuliko yote. Mwaka wa kufunguliwa Makka, Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoa khutba. Mtu mmoja kutoka Yemen, akiitwa Abu Shah, akaomba aandikiwe, na Mtume akaamuru aandikiwe. Hapa mna mafunzo mawili. La kwanza, khutba iliyosemwa inafaa kuhifadhiwa. La pili, Abu Shah aliomba kwanza. Juu ya mawili haya tunawausia wasomaji wetu.

Mlango wa kwanza ni mwenye darsa. Mwenye ukurasa anaweza kuipakua video yake mwenyewe kwa urahisi, na kumpa anayeitaka katika flashi. Njia hii ni safi zaidi, kwani masharti ya YouTube, kwa mfano, hayaruhusu mtu kupakua kazi ya mwenzake pasi na ruhusa, na Kenya inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Basi ulizeni kamati, muulizeni maalim.

Ikiwa idhini imepatikana na mnataka kurekodi nyumbani darsa inapoendelea, iko programu ya bure iitwayo OBS Studio, inayofanya kazi katika kompyuta za Windows, Mac na Linux. Ifungueni kabla ya darsa kuanza. Katika sehemu ya vyanzo, chagueni kunasa dirisha lenye darsa peke yake wala si skrini nzima, ili ujumbe wa faragha unaochomoza pembeni usiingie. Zimeni maikrofoni ya kompyuta, isije ikanasa mazungumzo ya nyumba. Jaribuni kwa dakika moja, msikilize kama sauti imeingia, ndipo mbonyeze kitufe cha kuanza kurekodi. Hifadhini kwa muundo wa mkv, kwani stima ikikatika katikati, kilichokwisha kurekodiwa hubaki salama. Programu yenyewe inaweza kuligeuza faili hilo kuwa mp4 baadaye.

Saa moja ya video kwa kasi ya kilobiti 2,500 kwa sekunde huchukua takriban gigabaiti 1.1. Ikiwa nafasi ni ndogo, wekeni sauti peke yake. Kwa kilobiti 64, saa nzima haizidi megabaiti 30. Kila faili lipewe jina la maalim, mada na tarehe, na nakala ya pili ikae nje ya kompyuta, kwenye nyumba nyingine ikiwezekana.

Sasa tunasema na nyinyi kuhusu jambo zito zaidi. Si kila kinachoonekana kwenye skrini ni halali kunaswa. Mama anayeuliza mas-ala ya hedhi au ya ndoa yake katika darsa ya wanawake ameuliza mbele ya wenzake, hakuuliza mbele ya mji. Bibi harusi wa Ukunda anayerushwa moja kwa moja ili khalati zake walioko Oman wamuone amejifunua kwa jamaa zake, si kwa kila mwenye simu. Anayerekodi majlisi kama hizo kwa siri, kisha akasambaza, amefanya khiyana ya amana, na Qur'ani imetuamuru kuzifikisha amana kwa wenyewe na ikatukataza kupelelezana. Sheria ya nchi ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data nayo inalinda taarifa za watu. Kwa hiyo, anayeendesha darsa atangaze mwanzoni kama inarekodiwa, na maswali yaachwe nje ya rekodi au yasomwe bila majina.

Ombi letu wiki hii ni dogo. Kila nyumba imtafute maalim mmoja, mume au mke, aliye hai, imwombe idhini, na ihifadhi darsa yake moja inayowafaa watu: mirathi, malezi, twahara. Yule mama wa Msambweni tumemwahidi kuisomesha upya mada ya haki za mjane, na mara hii itarekodiwa. Sauti haitakuwa ya maalim wake, lakini haki ni ile ile.

Allah amrehemu maalim wetu, aijaalie elimu yake kuwa sadaka yenye kuendelea, na atupe uaminifu katika tunavyovihifadhi. Amin.