Vita vya Ndugu Ndani ya Matumbo

Kikulacho ki nguoni mwako, husema wahenga. Neno hilo lawafaa wanadamu, lakini lavifaa zaidi viumbe vidogo mno vikaavyo matumboni mwetu, visivyoonekana ila kwa hadubini. Watu wengi wasikiapo habari za vijidudu hufikiri maradhi tu. Kumbe sehemu kubwa ya vijidudu vya matumboni hukaa kwetu kama wapangaji watulivu. Kwetu sisi ni vitulivu. Vyenyewe kwa vyenyewe havina amani hata siku moja.

Tutazame kimoja, ambacho wataalamu hukiita Escherichia coli. Sisi tukiite koli. Daktari Mjerumani Theodor Escherich alikieleza katika mwaka 1885, baada ya kuchunguza choo cha watoto wachanga. Koli 500 zikipangwa katika mstari, urefu wake ni kama milimita moja.

Katika mwaka 1925 mtaalamu Mbelgiji, André Gratia, aliona jambo la ajabu. Maji yaliyokaliwa na koli za ukoo mmoja yalizizuia koli za ukoo mwingine zisiongezeke, hata yalipochanganywa na maji mengine mengi. Sumu ya namna hiyo ilipewa jina la kolisini katika mwaka 1946, na Gratia pamoja na mwenzake Pierre Fredericq. Siku hizi zajulikana kolisini nyingi, nazo zote ni protini, kitu cha jinsi ileile iliyomo katika nyama, mayai na maharagwe. Lakini angalia, msomaji: kolisini haiulengi mwili wa mtu, wala haivisumbui vijidudu vya jamaa za mbali. Yaua walio karibu. Sababu yaeleweka, maana ni nani ashindaniaye sahani yako kama si yule alaye chakula kilekile?

Sumu hiyo yaingiaje? Ngozi ya nje ya koli ina milango ya kupokelea chakula, na mmojawapo hupokea vitamini B12. Kolisini iitwayo E3 huushika mlango huo kama mgeni aliyealikwa, ikapenya, na ikiisha kufika ndani huukata mtambo unaotengeneza protini zote za koli. Ndugu yake E2 hupitia mlango uleule, ikaenda kuikatakata ADN, yaani maandiko ya urithi. Nyingine hutoboa utando wa ndani, nguvu ya uhai ikavuja kama maji katika mtungi uliopasuka. Ziko koli zinazopona kwa kuufunga mlango. Lakini aufungaye mlango ili mwizi asiingie, chakula atakipitisha wapi? Ndiyo maana koli zilizojikinga hivyo mara nyingi huzaana polepole kuliko zile zilizoacha milango wazi.

Na yenye kuitengeneza sumu, mbona haiuawi nayo? Kila ukoo wenye kolisini hutengeneza pia protini ya pili, ndiyo kinga, inayoifunga sumu ile isifanye kazi. Hata hivyo kuna jambo gumu zaidi. Kwa kolisini nyingi hakuna njia ya kuitoa nje kwa salama: koli iliyoitengeneza hupasuka, ikafa. Faida huzipata ndugu zake za ukoo uleule, zenye kinga ileile. Kwa hiyo chache tu hufanya hivyo kwa wakati mmoja, hasa ADN yao inapodhurika. Kama zingepasuka zote, ukoo ungeisha siku hiyohiyo. Wengine huliita tendo hili ushujaa. Mimi naona neno hilo ni kubwa mno kwa kiumbe kisicho na nia.

Je, vita hivyo vyatuhusu? Wakati wa vita kuu ya kwanza, kuhara damu kuliwaangusha askari wengi. Daktari Alfred Nissle wa Freiburg, Ujerumani, alipata habari za askari mmoja ambaye hakuugua ijapokuwa wenziwe waliugua. Katika mwaka 1917 alitoa koli katika choo cha askari huyo, akaiotesha, na hata leo koli za ukoo huo hutumika kama dawa ya matumbo. Baadaye ilionekana kwamba hutoa sumu mbili ndogo za jamii ya kolisini, ziitwazo mikrosini. Nayo Shigella, kijidudu kiletacho kuhara damu, ni jamaa wa karibu sana wa koli.

Dawa kali za kuua vijidudu hazichagui. Hufukuza mgeni na mlinzi pamoja, na kwa sababu hiyo wengine huharisha baada ya kuzinywa. Wanaozinunua sokoni kama karanga, pasipo shauri la daktari, hawajui ni walinzi wangapi wanaowafukuza. Katika mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walieleza majaribio yao juu ya panya waliovimba matumbo kwa ugonjwa. Koli ya Nissle yenye mikrosini zake ilimpunguza adui aitwaye Salmonella. Ile iliyonyimwa mikrosini haikuweza kumshinda vivyo.