Unguja ilipokuwa na rangi, sisi tukiwa na redio

Mwambie mtoto wa leo kwamba Dar es Salaam nzima iliwahi kukaa bila kituo cha televisheni, atakuona unatunga. Lakini ndivyo tulivyoishi mpaka 1994. Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa ya wachache, nasi Bara tukabaki na redio.

Wenzetu Zanzibar hawakungoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha ya karafuu, walianzisha Televisheni Zanzibar, TVZ, tena ya rangi tangu mwanzo, ya kwanza kusini mwa Sahara. Nairobi walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1960, ila ya nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, na dhahabu yake yote, ilianza kurusha matangazo 1976!

Kituo kilikuwa kidogo na seti zenyewe za kuhesabu. Kwa hiyo nyumba yenye televisheni haikuwa ya mtu mmoja. Jioni majirani wanabisha hodi, mikeka inatandikwa, watoto mbele, kina bibi nyuma na kanga zao. Taarifa ya habari watu kimya. Ikija taarabu, kila mtu mwimbaji.

Huku Dar, wenye uwezo walisimika antena ndefu juu ya paa, wakaielekeza baharini kunasa Unguja. Kaka yuko juu anazungusha mlingoti, dada yuko dirishani: "Bado! Bado! Hapo hapo!" Kaka akishuka tu, picha imegeuka chenga tupu. Hata hivyo, hakuna aliyerudi kwao mapema.

Mwaka 2013 TVZ na redio ya Serikali viliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Jina limebadilika, sawa. Mimi kinachonikosesha raha ni kanda. Utepe wa sumaku haupatani na joto na unyevu wa pwani. Huota ukungu, hunatana, na mashine za kuuchezesha zinazidi kuadimika. Humo ndimo zilimo sauti na sura za wazee ambao wajukuu hawakuwahi kuwaona.

Na si vituoni tu. Wapo waliorekodi nyumbani kwa deki: arusi, maulidi, shangazi akiimba na kikundi chake. Msomaji, kama unayo kanda ya namna hiyo chini ya kitanda, usiijaribu kwenye deki mbovu, itatafunwa. Mpelekee fundi anayehamisha picha kwenye kompyuta, na wazee wakiwa bado wapo, waulize yule aliyevaa kanzu ya hudhurungi pale kushoto ni nani.