Daftari la Picha: Dakika Kumi za Kuchora Kila Siku

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA TARATIBU)

MTANGAZAJI WA KIKE: Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tunazungumzia mali ambayo hakuna aliyeweza kutunyang'anya njiani, lakini inaweza kupotea polepole. Mali hiyo ni kumbukumbu.

MTANGAZAJI WA KIUME: Na daftari lenyewe, dada, si la hesabu. Ni daftari la picha.

MTANGAZAJI WA KIKE: Ndiyo, kaka. Hebu nikuulize. Mlango wa nyumba yenu kule nyumbani ulielekea upande gani?

MTANGAZAJI WA KIUME: Ulielekea kisimani. Kulikuwa na mwembe upande wa kushoto... au wa kulia? Ngoja nifikiri.

MTANGAZAJI WA KIKE: Umeona? Na mtoto aliyezaliwa hapa kambini hajawahi kuuona huo mwembe. Anaijua nyumba ya babu yake kwa maneno tu. Usipoichora wewe uliyeiona, nani ataichora?

MTANGAZAJI WA KIUME: Lakini mimi sijui kuchora! Nikichora mbuzi, watu huuliza kama ni meza.

MTANGAZAJI WA KIKE: Haidhuru. Daftari hili halina mwalimu wa kutoa alama. Ni lako.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI WA KIUME: Kabla hatujaeleza namna ya kuanza, sikilizeni kisa hiki cha kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wanazi waliwafungia Wayahudi wengi katika mji wa Terezín, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Mwezi Desemba 1942 aliletwa huko mchoraji mmoja, mama aitwaye Friedl Dicker-Brandeis. Katika mzigo mdogo aliobeba, alitia vifaa vya kuchorea.

MTANGAZAJI WA KIKE: Akaanza kuwafundisha watoto kwa siri. Karatasi zilikuwa haba, kwa hiyo walichora hata kwenye karatasi zilizokwisha kutumiwa maofisini. Wakati mwingine aligonga meza kwa mdundo, nao watoto wakaufuata mdundo huo kwa penseli mpaka mikono ikalegea. Walichora maua, nyumba zao, meza ya chakula, na vitanda vya kambini. Aliwahimiza waandike majina yao kwenye michoro.

MTANGAZAJI WA KIUME: Oktoba 1944 mama huyo alipelekwa Auschwitz, akauawa. Wengi wa watoto hao nao waliuawa. Lakini aliacha masanduku mawili yaliyofichwa, na ndani yake mlikuwa na michoro zaidi ya 4,000. Mpaka leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Praha.

MTANGAZAJI WA KIKE: Kambi ile haikuwa kama zetu. Ilikuwa mahali pa kufungia watu kabla ya kuwaua. Hatulinganishi. Tunachojifunza ni hiki: mtoto aliyeandika jina lake chini ya ua alilochora, jina lake bado linasomwa.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI WA KIUME: Sasa tufike kwenye kazi. Dada, vifaa vitatoka wapi?

MTANGAZAJI WA KIKE: Daftari la shule lililobaki kurasa linatosha. Kama hakuna, kusanya karatasi zilizoandikwa upande mmoja, zikunje katikati, uzishone kwa sindano na uzi. Jalada likate kwenye boksi. Kalamu ya wino ni nzuri kwa sababu haifutiki.

MTANGAZAJI WA KIUME: Na asiye na kalamu?

MTANGAZAJI WA KIKE: Atengeneze mkaa wa kuchorea. Chukua vijiti vyembamba vikavu, vitie ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Toboa tundu dogo kwa msumari. Weka kopo kwenye moto wa kupikia mpaka moshi ukome kutoka tunduni. Usilifungue likiwa la moto, maana vijiti vikipata hewa vitaungua vyote. Subiri lipoe kabisa. Ukishachora, weka karatasi nyingine juu ya picha ili mkaa usichafue ukurasa wa pili. Ukitaka rangi, changanya udongo mwekundu uliochekechwa na uji mwepesi kidogo.

MTANGAZAJI WA KIUME: Na wakati? Kuna foleni ya maji, kuna kuni, kuna watoto.

MTANGAZAJI WA KIKE: Dakika kumi tu, saa ileile kila siku. Labda maharage yakiwa jikoni. Andika tarehe juu ya ukurasa. Chagua kitu kimoja kilicho mbele yako, tuseme sufuria. Itazame kuliko unavyoitazama karatasi. Fuata ukingo wake polepole kwa jicho, na mkono ufuate jicho. Ukikosea, usifute, chora mstari mwingine pembeni. Mwisho andika sentensi moja chini yake: leo tulipika nini, nani alikuja, nani alicheka.

MTANGAZAJI WA KIUME: Na ule mwembe wangu?

MTANGAZAJI WA KIKE: Siku moja katika juma ichore nyumbani. Anza mlangoni, kana kwamba umesimama hapo. Jiko liko wapi? Njia inakwenda wapi? Muulize mama au shangazi mnapobishana. Mabishano hayo nayo ni kumbukumbu.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI WA KIUME: Tahadhari nne, wasikilizaji. Kwanza, usichore vituo vya polisi wala vizuizi vya barabarani, na usiandike jina la mtu chini ya picha yake bila ridhaa yake. Pili, picha ya jambo baya ikikutetemesha, acha. Fungua ukurasa mwingine, chora kitu kilicho mbele yako. Tatu, usimlazimishe mtoto kuchora vita. Akikuletea picha, usimuulize, "Hiki ni kitu gani?" Mwambie, "Nisimulie picha yako." Nne, kuchora si dawa. Usingizi ukikukimbia usiku mwingi, nenda ukamwone mhudumu wa afya au mshauri.

MTANGAZAJI WA KIKE: Daftari lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ulitundike mbali na mvua na panya. Ukiikosa siku moja, usijilaumu. Endelea kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

MTANGAZAJI WA KIUME: Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji: Ni kitu gani cha nyumbani ambacho watoto wenu hawajakiona? Nani katika kikundi anakikumbuka vizuri zaidi? Mchoreni pamoja naye kabla ya kipindi kijacho.

MTANGAZAJI WA KIKE: Na mwembe, kaka?

MTANGAZAJI WA KIUME: Kushoto, dada. Sasa nina hakika. Lakini nitampigia simu kaka yangu kwanza.

(MUZIKI WA KUFUNGA)