Wikendi kutoka Madogo

Safari fupi ya mjini ni ile ambayo msafiri hulala nje ya nyumbani mara moja au mbili, tatu ikizidi, kisha akarudi kabla pengo lake halijaonekana kazini. Madogo, mji ulio ukingo wa magharibi wa mto Tana mkabala na Garissa, una njia tatu za lami za safari ya namna hii. Moja huenda magharibi hadi Nairobi kupitia Bangale, Mwingi na Thika. Ya pili hushuka kusini hadi pwani kupitia Bura, Hola na Garsen. Ya tatu, fupi kuliko zote, huvuka daraja na kuingia Garissa, lakini hiyo haihesabiwi kuwa safari: mtu hupanda tuktuk jioni, akala nyama ya ngamia, akanunua alichokikosa maduka ya nyumbani, akarudi kulala kwake.

Umbali wa Nairobi si wa kutisha. Kutoka Nairobi hadi Garissa ni takriban kilomita 370, na Madogo iko kilomita chache kabla ya kufika huko. Nchini Marekani, New York na Washington zimeachana kwa kilomita zinazokaribia hizo hizo, na treni ya kasi huzimaliza kwa saa 3 hivi. Mfanyakazi wa huko hutoka ofisini Ijumaa, akala chakula cha usiku katika mji wa pili, na Jumapili usiku yuko kitandani pake. Kwenda kutembea mjini siku mbili na watoto, marafiki au mpenzi si jambo la kufikiriwa sana mahali ambapo njia haili siku. Lakini basi la Garissa huhitaji saa 5 au 6 mambo yakienda sawa, bila kuhesabu chai ya Mwingi wala vizuizi vya polisi. Abiria aliyeondoka asubuhi hushuka Eastleigh, Nairobi, mchana umeshakatika, vumbi limemwingia masikioni, na anachotaka kwanza ni kuoga.

Kwa hiyo safari ya Ijumaa hadi Jumapili ina siku moja tu ya matembezi, nayo ni Jumamosi. Siku mbili nyingine ni za basi. Wanaosafiri kwa mara ya kwanza hawaamini hesabu hii. Huorodhesha mambo sita ya kufanya Jumamosi, na foleni ya Nairobi ikawaachia mawili.

Kabla ya nguo hufungwa karatasi. Njia ya Garissa hukaguliwa kuliko njia nyingi za Kenya, kwa sababu ya ukaribu wa mpaka wa Somalia na mashambulizi yaliyowahi kutokea, likiwemo lile la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015. Penye kizuizi makanga hupiga ubavu wa basi kwa kiganja, na abiria wazima hushuka kitambulisho mkononi. Hutembea kwa mstari hadi upande wa pili, mmoja mmoja akiinua kadi yake usawa wa kifua, na basi hufuata polepole likiwa limebaki na wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto wachanga. Kijana aliyetimiza miaka 18 ambaye bado hajapata kitambulisho anaweza kusimamisha safari ya nyumba nzima. Watoto huchukuliwa na nakala za vyeti vya kuzaliwa, na mwanafunzi mkubwa na kadi yake ya shule. Nyumba za wageni nazo hudai kitambulisho cha kila mtu mzima, hivyo kadi iliyosahaulika nyumbani humdai mwenyewe mara mbili.

Baada ya karatasi, mto. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini, na maji yake hutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, mbali na Madogo. Mafuriko yanaweza kufika chini ya anga kavu kabisa, kwa sababu mvua imenyesha bara na mabwawa ya Seven Forks, kama vile Masinga na Kiambere, yamejaa hadi kumwaga. Novemba 2023, wakati wa El Niño, na tena Aprili 2024, barabara kati ya Madogo na Garissa ilimezwa na maji. Magari ya Nairobi yalikwama upande wa Madogo, abiria wa Garissa wakavushwa kwa boti. Mwishoni mwa Aprili 2024 boti moja ilipinduka katika maji hayo na watu wakapoteza maisha. Njia ya kusini ina shida yake: hukatizwa na malaga, yaani mikondo ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, kisha kwa usiku mmoja ikawa mito.

Shida hii ya maji huwagusa zaidi wenye watoto, kwani likizo za shule ni tatu, za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, na mbili kati yake huangukia mvua. Mwaka 2024 hata kufungua shule kuliahirishwa kutoka mwisho wa Aprili hadi tarehe 13 Mei. Agosti peke yake ndiyo huwa kavu kwa kawaida, tena yenye upepo wa kuvumilika. Jamaa inayoweza kuchagua likizo moja tu ya kusafiri ichague hiyo, ijapokuwa Nairobi ya Agosti ina baridi ambayo mtoto wa Tana hajawahi kuiona, na sweta lazima ziwemo.

Miji ya kwenda huchaguliwa na pochi, lakini zaidi huchaguliwa na wanaokwenda pamoja.

Safari ya jamaa huelekea penye ndugu. Baba, mama na watoto wanne hawakodi vyumba. Hufikia kwa mjomba Eastleigh au kwa shangazi Malindi, na gharama ya malazi hugeuka kuwa zawadi. Zawadi hizo si pambo. Kutoka nyumba za Wasomali na Waorma hubebwa nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, ikahifadhiwa ndani ya samli. Kopo lake hufungwa kwa mfuko wa plastiki, likafungwa tena kwa leso, na bado harufu huenea basi zima kabla ya kufika Bangale. Kutoka mashamba ya Wapokomo na Wamunyoyaya kandokando ya mto huja maembe msimu wake ukifika, yamepangwa ndani ya gunia mabichi chini na yanayoiva juu. Mwenyeji hujibu kwa chakula na kwa godoro la ziada sebuleni. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni wa Madogo siku ya kwanza imeliwa yote na basi, na jembe humkuta hata hajatembea.

Na watoto, siku moja ya matembezi itoshe mahali pamoja. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 ikiwa ya kwanza nchini, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 na simba walio karibu kabisa na majengo ya mji. Mtoto wa Madogo amezoea twiga, kwani Bour-Algi, nje kidogo ya mji wa Garissa, huwalinda hao hao. Kumpeleka Nairobi akaone twiga ni kumchosha bure. Kifaru ndiye mgeni kwake. Kutoka Eastleigh hadi lango la hifadhi ni matatu mbili, ya kwanza hadi katikati ya mji na ya pili kuelekea Lang'ata, na kwa jamaa yenye watoto wadogo hapo ndipo teksi moja hulipa. Ndani ya basi mtoto wa kupakatwa halipiwi nauli, lakini saa 6 za kumpakata zina bei yake kwa magoti ya mama, na wanaojiweza humnunulia siti.

Kwa upande wa pwani, wengi hutaja Mombasa kwa mazoea tu. Malindi ndio mji wa kwanza wa bahari kwa anayetoka Garsen, na umbali wake kutoka Madogo haupishani sana na wa Nairobi. Mombasa iko kilomita 120 mbele zaidi. Kwa safari ya kulala mara mbili kilomita hizo 120 hazina maana. Kuogelea kupo Malindi, samaki yupo, na karibu na Watamu kuna magofu ya Gedi, mji wa mawe uliohamwa karne kadhaa zilizopita, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Njiani kuna Hola, ambako tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliokataa kazi ya kulazimishwa walipigwa na askari wa gereza hadi kufa, tukio lililoitikisa serikali ya Uingereza. Watoto wengi wa Madogo hulisoma kitabuni kabla ya kujua kwamba pahali penyewe pako njiani.

Marafiki husafiri kwa kuchanga. Vijana kumi na wanne hukodi matatu nzima, kwa kuwa idadi hiyo ndiyo siti za kisheria za gari hilo, na bei ya kulikodi hupatanwa jumla ya kwenda na kurudi, mafuta na chakula cha dereva vikitajwa wazi. Kisichotajwa mwanzo hugombaniwa Mwingi. Mmoja huteuliwa kushika fedha, na michango hutumwa kwake kwa M-Pesa kabla ya siku ya safari, si siku yenyewe. Sababu ni moja: wakiahidi kumi na wanne na wakaja kumi, gari halipungui bei. Mzigo wa wanne hao huwaangukia waliokuja, na urafiki mwingi umefia hapo. Kundi kama hili ndilo linaloweza kustahimili Mombasa kwa kulala mara mbili, kwa vile halijali uchovu. Litaiona Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, litakula muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili pale bustani ya Mama Ngina huku meli zikipita karibu, na litalala vijana wanne chumba kimoja.

Mume na mke ni hesabu nyingine kabisa, na wengi huikosea. Wakifikia kwa ndugu hutenganishwa siku hiyo hiyo: mume hutandikiwa sebuleni pamoja na wanaume, mke hulala chumba cha ndani pamoja na wanawake na watoto, na kabla ya saa 12 asubuhi yuko jikoni akikanda unga wa mahamri ya wenyeji wake. Huko ni kutembelea ukoo. Wanaotaka siku mbili zao wenyewe hawana budi kulipia chumba, na kulifanya jambo hilo bila kuwaudhi ndugu walio mji huo huo ni kazi ya busara. Njia inayotumika sana ni kwenda mji usio na ndugu. Nyingine ni kuwaamkia ndugu siku ya mwisho, mizigo ikiwa mkononi tayari.

Mji unaowafaa wawili kuliko yote ni Lamu. Mji Mkongwe wake uko katika orodha ya UNESCO tangu 2001, vichochoro vyake haviingii gari, na mambo yake mazuri hayadai tiketi: kutembea, kukaa barazani, kutazama jahazi zikirudi alasiri. Safari yake hupitia Garsen, ikavuka Tana karibu na hapo na kupita Witu hadi Mokowe, kisha boti. Barabara hiyo sasa ina lami, ambayo haikuwepo miaka kumi nyuma. Usalama, hata hivyo, hauna budi kuulizwa kila safari. Baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, mabasi ya njia hiyo yalisafiri miaka mingi kwa msafara wa ulinzi na kwa saa za mchana tu, na aliyechelewa kufika Minjila, karibu na Garsen, aliweza kulala huko. Nyakati za Maulidi, wageni wanapomiminika kutoka pwani nzima, chumba hakipatikani bila kuwekwa mapema, na wawili wanaotafuta utulivu wangoje wiki ifuatayo.

Kuna pia mzunguko unaozidi kupendwa: basi hadi Nairobi, reli ya SGR hadi Mombasa, kisha basi la pwani kupitia Garsen hadi nyumbani. Treni hiyo ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na huchukua saa 5 hivi. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024. Stesheni zote mbili ziko nje ya mji, Syokimau upande mmoja na Miritini upande wa pili, na muda wa kuzifikia uongezwe kwenye hesabu. Mzunguko huo kwa siku tatu ni kukaa kitini tu. Kwa siku tano ni safari.

Tiketi ya kurudi hununuliwa siku ile ile ya kufika, hasa mwisho wa likizo, wanafunzi wanapolijaza basi kwa masanduku na magodoro yao. Anayeteremka Madogo amkumbushe makanga mapema, ikiwezekana tangu Bangale, kwa kuwa abiria wengi wanakwenda Garissa na dereva huwa analiwazia daraja. Aliyesinzia huzindukia ng'ambo ya mto, akashuka na maboksi yake usiku, na kulipa tuktuk ya kumrudisha alikopita.