Wikendi Lisbon: hesabu saa, usihesabu tiketi tu

Mwaka juzi nilinunua tiketi ya ndege ya euro 60, kwenda Lisbon na kurudi, nikajiona mjanja kuliko Waswahili wote wa Brussels. Mjanja mwenyewe aliamka saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi ili awahi basi la uwanja wa ndege ulio karibu kilomita 50 nje ya mji. Nauli ya basi hilo, kwenda na kurudi, ilikuwa euro 38. Mlangoni, begi lake likatiwa kwenye kile kisanduku cha vipimo, likagoma kuingia kwa upana wa vidole viwili: euro 30 nyingine. Akafika Lisbon saa tano asubuhi macho mekundu, na kesho yake saa nane mchana alikuwa anarudi uwanjani.

Siku hizi napima safari ya wikendi kwa saa ninazokaa mjini nikiwa macho. Chukua hesabu yangu ile: ndege 60, basi 38, begi 30, chumba cha usiku mmoja 70, na kodi ya watalii ya Lisbon, ambayo tangu Septemba 2024 ni euro 4 kwa kila mtu kwa usiku. Jumla 202. Kuanzia saa tano ya Jumamosi hadi saa nane ya Jumapili ni saa 27. Toa nane za kulala, zinabaki 19. Kila saa ilinigharimu zaidi kidogo ya euro 10 na nusu.

Mara ya pili niliondokea uwanja ulio jirani, Zaventem, Ijumaa baada ya kazi. Tiketi euro 130, treni ya kwenda na kurudi uwanjani kama 20, kulala siku mbili pamoja na kodi 148. Jumla 298, karibu mia moja zaidi. Lakini nilitua saa tatu usiku na kuondoka Jumapili saa mbili usiku. Ukitoa usingizi ni saa 31, yaani euro 9.60 kwa saa. Tofauti yenyewe ni ndogo, nakubali, na asiye na hiyo mia ya ziada hesabu yangu haimsaidii kitu. Ila ukipata ndege ya Ijumaa jioni kwa bei inayokaribiana na ile ya alfajiri, usijiulize mara mbili. Na kumbuka kwamba Ureno iko nyuma ya Ubelgiji kwa saa moja: ukienda unaongezewa saa, ukirudi unanyang'anywa.

Wenzetu wa London wana hesabu yao. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anayeishi Uingereza anahitaji viza ya Schengen: euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bila kuhesabu gharama za kituo cha kupokea maombi, na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Kubebesha mzigo wote huo siku mbili za Lisbon ni hasara. Omba viza ya kuingia mara nyingi, kisha uigawe kwa safari mbili tatu ndani ya muda wake. Sisi wenye kibali cha ukaazi cha Ubelgiji au Ufaransa tunapita tu, lakini kadi ya kibali na pasi viende pamoja mfukoni.

Sasa malazi. Kila picha ya Lisbon uliyoiona ni ya Alfama, mtaa wa zamani uliosalimika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, lililouangusha mtaa wa Baixa pale chini. Ni pazuri kweli. Lakini ni ngazi juu ya ngazi, mawe madogo yanayoteleza mvua ikinyesha, na magurudumu ya begi yanayopiga kelele hadi bibi afungue dirisha akuangalie. Mimi nalala upande wa Alameda au Arroios. Metro ya laini nyekundu inatoka uwanja wa ndege hadi Alameda moja kwa moja. Hapo unaingia laini ya kijani, na kituo cha tano ni Rossio, katikati ya mji. Inafanya kazi kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa saba usiku, hivyo hata ndege ya Ijumaa ikichelewa kidogo huhitaji teksi.

Kwa usafiri wa mjini, nunua kadi ya senti 50 kwenye mashine ya metro. Safari moja haifiki euro 2. Tiketi ya saa 24 ni kama euro 7, kwa hiyo inalipa ukipanda mara nne au zaidi. Kosa la wageni ni kupanda tram namba 28 mkono mtupu na kumlipa dereva, ambako safari hiyo hiyo inapita euro 3. Ile kadi ya watalii ya siku mbili ni kama euro 50. Inamfaa anayekimbia makumbusho manne kwa siku. Mimi siyo huyo.

Mezani ndipo wengi wanapoumia. Umeketi, hujaagiza kitu, mhudumu anakuwekea kikapu cha mkate, kibakuli cha zeituni na kipande cha jibini. Si ukarimu wa Kiswahili huo. Ukivigusa, vitakuja kwenye bili, kimoja kimoja. Kwa sheria ya Ureno, kitu usichoagiza wala kukitumia hulipi, basi sema mapema "não, obrigado", mwanamke "obrigada", na kikapu kinaondoka bila chuki. Mchana ulizia prato do dia, chakula cha siku kwenye mkahawa wa mtaani, kisha kahawa ndogo ya kama euro moja.

Kuhusu viingilio, ukumbi wa ndani wa monasteri ya Jerónimos kule Belém umefika euro 18. Lakini kaburi la Vasco da Gama limo kanisani, karibu na mlango, na kanisa halina kiingilio. Foleni zake ni mbili. Uliza kabla hujasimama.

Kitu ninachokilipia bila kulalamika kipo kwingine, kwenye Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Ni chombo cha kanisani kiitwacho Custódia de Belém, kimo chake sentimita 73, kilichofuliwa na sonara Gil Vicente mwaka 1506. Katikati mitume 12 wamepiga magoti, kila mmoja na uso wake, wadogo kama vidole. Dhahabu yake ni ya Kilwa: ni kodi ambayo Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa mwaka 1502, mizinga ikiwa imeelekezwa kwenye kisiwa. Nilikaa mbele ya kioo kile nusu saa nzima, katika zile saa zangu za euro 9.60. Rafiki yangu wa Bukavu alininong'oneza kwamba tiketi yetu wazee walishailipa, turudishiwe chenji.

Makumbusho hayo hufungwa Jumatatu, na Jumapili una begi la kufunga. Nenda Jumamosi asubuhi, ila kwanza hakikisha yako wazi.