Hati ya ploti ina jina la nani?

Dada msomaji, kwenye chama mnaambiana yote: mume anayechelewa kurudi, mavyaa asiyeridhika, karo ya watoto. Lakini ni nani kati yenu amewahi kuulizwa hati ya ploti yao ina jina la nani? Hapo huwa kimya, chai ikapoa.

Ulizaneni. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 huhesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima shamba la familia kuwa mchango. Wengi hudhani basi ndoa ikivunjika nusu ni yao. La! Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kila mmoja athibitishe mchango wake. Kwa hivyo weka risiti za simiti na mabati, hata za misumari. Bwana akiuliza ni za nini, mwambie, "Za nyumba yetu."